Rosela ya uani: kuotesha kwa mbegu hapa Dar, kuanzia Januari mpaka jemu

Chanzo ni wifi yangu. Alikaa Uingereza miaka mingi, akarudi na pakiti ya mbegu za rubabi, ule mmea wa nchi za baridi ambao mabua yake mekundu machachu hupikwa kwa sukari yakawa jemu. "Wifi, wewe una mkono wa kuotesha, nioteshee." Nikazisia mwezi wa sita, kipupwe kikiwa kimeingia, zikaota vizuri tu, zikatoa majani mapana ya kupendeza. Januari ilipofika ikalala chini yote kwa siku tatu, imelegea kama mchicha uliosahaulika jikoni. Rubabi anataka baridi kali ipite juu ya shina lake ndipo apumzike na kuchipua upya. Hapa kwetu, usiku wa Januari na Februari joto linazunguka nyuzi 24 na 25. Ni kumtesa mmea bure.

Lakini ukiuliza vizuri wifi alikuwa anatafuta nini, jibu ni kitu chekundu, kichachu, kinachoota kwa mbegu na kinachofaa jemu. Hicho tunacho. Ni rosela, ambayo wengine wanaiita choya. Ni ndugu wa bamia na pamba, joto la pwani ndiyo raha yake, na kuna jambo linampita rubabi kwa mbali: majani ya rubabi ni sumu, ya rosela ni mboga.

Ninachoandika hapa ni kile ninachofanya kwenye uwanja wa nyuma hapa Tabata, kipande cha hatua nne kwa tatu kati ya ukuta na tangi la maji, pamoja na ndoo chache. Hakuna shamba wala trekta.

Tarehe kwanza

Watu wengi wanaoniambia "rosela yangu haikuzaa" hawakukosea mbolea wala maji. Walikosea mwezi. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilisia Juni, kwa sababu kipupwe ndiyo majira ya bustani hapa mjini, figili na mchicha vinakwenda vizuri. Miche ilipofika magotini ikaanza kutoa maua. Nikafurahi. Miche minne ikanipa vikombe vinane, basi, ikazeeka.

Jirani yangu ni mzee wa Dodoma. Alipita akachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo choya uliipanda lini?"

"Mwezi wa sita, mzee."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa uliiambia izae lini na wewe hukuipa muda wa kukua? Sisi kwetu inaingia ardhini na mvua za Desemba."

Kumbe rosela inasoma urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, inajenga mwili: shina, matawi, majani. Mchana ukianza kufupika, inaacha kila kitu na kwenda kwenye maua, haijali ina ukubwa gani. Utasema Dar mchana haubadiliki, na ni kweli kwamba kati ya Desemba na Juni tofauti haifiki hata saa 1. Sisi hatuioni, rosela inaiona. Ndiyo maana iliyosiwa Juni inachanua ikiwa mtoto.

Kwa hiyo una njia mbili. Kama una eneo kubwa, Mbezi au Kigamboni huko, sia Novemba na vuli au Desemba. Utapata kichaka kirefu kuliko wewe, kimejaa matawi. Kama uwanja wako ni kama wangu, sia wiki ya mwisho ya Januari mpaka katikati ya Februari kwenye vikopo, uhamishie ardhini masika inapofungua Machi. Mmea utaishia usawa wa kifua hivi, utachanua Mei, utavuna kuanzia mwisho wa Mei mpaka Julai. Hii ya pili ndiyo ninayoipenda, na si kwa sababu ya nafasi peke yake. Mavuno yanaangukia wakati mvua imekatika na kusi linavuma, hewa imekauka kidogo. Kukausha rosela katikati ya masika ni kufuga ukungu.

Ukiwa unasoma haya Agosti, nunua mbegu, andika tarehe kwenye karatasi, bandika kwenye friji.

Kupata mbegu

Rosela kavu ya wauza viungo Kariakoo haina mbegu, kwa sababu mbegu hukaa katikati na huondolewa kabla ya kukausha. Mara mojamoja utakuta kimoja kimeponyoka na kidonge chake, lakini usitegemee bahati. Omba kwa mtu aliyepanda: vidonge vitatu vilivyokauka mtini vinatosha uwanja mzima. Maduka ya pembejeo nayo huwa nazo, uliza kwa majina yote mawili, rosela na choya.

Mwulize anayekupa mmea wake ulikuwaje. Kuna rosela nyekundu ya kawaida, kuna yenye wekundu mzito unaokaribia weusi, kuna nyeupe ya kijani ambayo ni chachu vilevile ila juisi yake haina rangi. Halafu kuna aina ndefu iliyonyooka kama fimbo, inayolimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba. Vikombe vyake ni vikavu na vyembamba, havifai jikoni. Jirani akikuambia "yangu ilipanda juu kama mnazi", shukuru na upite.

Mbegu nzuri ni ya kijivu inayoelekea kahawia, ina umbo la figo, ukubwa unakaribia wa mbegu ya bamia. Iliyosinyaa tupa.

Kusia

Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu. Ganda lake ni gumu, bila kuloweka nyingine zitakaa wiki mbili zikikuangalia. Asubuhi zile zinazoelea hata baada ya kuzikoroga, nyingi huwa tupu, ziondoe.

Chombo ni chochote chenye kina cha kiganja na tundu chini: viriba, makopo ya majarini, chupa ya maji iliyokatwa nusu. Changanya udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Weka mbegu mbili kila kopo, kina cha sentimita 1 na kidogo, funika, mwagilia taratibu. Kwa joto la Januari zitatokeza siku ya tatu mpaka ya saba.

Hapa ndipo wengi wanaua miche kwa upendo. Kiini cha kopo kikilowa muda wote, kinyausi kinaingia: shingo ya mche inakuwa nyembamba kama uzi pale inapogusana na udongo, na asubuhi unaukuta umelala. Hautibiki. Mwagilia asubuhi, chomeka kidole jioni. Kikitoka na ubichi, acha. Kaskazi likikausha sana, ongeza jioni kidogo. Kama unatumia kisima na maji yake yana chumvi, kama visima vingi vya mjini, miche ipe maji ya bomba au ya mvua mpaka ikomae.

Weka kopo mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana kwa wiki mbili za mwanzo, kisha sogeza kidogo kidogo mpaka jua kamili. Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, chagua mmoja wenye nguvu, wa pili ukate kwa mkasi. Usiung'oe, mizizi yao imeshashikana.

Usishtuke kuona majani ya mwanzo ni mazima, ya mviringo, hayafanani na ya picha ulizoona. Majani yenye vidole vitatu mpaka vitano huja baadaye, mmea unavyokua. Nimewahi kung'oa miche sita nikidhani ni magugu. Angalia kikonyo na shina: kwenye rosela nyekundu, wekundu unaanza mapema sana.

Shimo, au ndoo

Rosela haina makuu kwenye udongo ila haivumilii miguu ndani ya maji. Ukikaa bondeni, mahali ambapo masika maji yanasimama siku mbili, usiipande ardhini kabisa. Nenda kwenye ndoo au inua tuta la goti moja. Kwenye mchanga wa Mbagala au Kigamboni shida ni kinyume, maji na mbolea vinapita kama kwenye chujio. Dawa yake ninaipata bure kwa muuza madafu: makumbi. Chimba shimo la sentimita 40 kila upande, tandika makumbi chini yakiangalia juu kama vikombe, mwagia maji mpaka yalowe, halafu rudisha udongo uliochanganywa na ndoo ya lita 10 ya samadi ya ng'ombe iliyooza.

Samadi ya kuku ni kali. Mbichi inaunguza mizizi, na hata iliyooza ikizidi utapata kichaka cha majani mabichi mazuri kama kisamvu, na maua ya kuhesabu. Mwaka wa tatu nilifanya hivyo. Wageni walisifia bustani, jikoni hapakuingia kitu.

Usipande palipokuwa na bamia msimu uliopita. Ni ukoo mmoja, magonjwa na minyoo ya mizizi wanarithishana.

Kwa ndoo, zile za rangi za lita 20 zinatosha, mche mmoja kila ndoo na si zaidi. Toboa matundu sita chini kwa msumari wa moto, na mengine matatu ubavuni, karibu na kitako, kwa sababu ya chini yataziba. Simamisha ndoo juu ya matofali mawili. Osha mabaki ya rangi kwanza, tena sana.

Kuhamisha

Mche una urefu wa sentimita 15 hivi, umri wa wiki tano au sita, na mvua imeshanyesha mara mbili tatu mfululizo. Hiyo ndiyo siku yako. Hamisha jioni. Nafasi kati ya mche na mche ni mita 1. Itaonekana kama umepoteza eneo, mpaka Mei utakapoanza kupita ubavu. Katikati nachomeka mchicha, nauvuna kabla haujafunikwa.

Zungushia shina majani makavu au nyasi, lakini yasiliguse. Kama una kuku, weka uzio wa matawi wiki tatu za mwanzo. Mbuzi wa jirani hakuna uzio unaomtosha. Zungumza na jirani.

Wakati wa masika huna kazi ya kumwagilia. Kazi ni kuzibua mifereji na kung'olea magugu yakiwa madogo.

Kata ncha, upike

Mmea ukifika sentimita 40, kata ncha ya juu, kipande cha kidole kimoja, juu kidogo ya jani. Inauma kufanya, najua. Lakini bila kukata utapata fimbo moja yenye vikombe kwenye mstari. Ukikata, chini ya pale vinachipuka vitawi vitatu vinne, na kila tawi litabeba. Vitawi hivyo vikifika shibiri moja na nusu, kata ncha tena. Ikifika mwisho wa Aprili acha mkasi, mmea unajiandaa kuchanua na kila ncha unayokata sasa ni maua unayoyatupa.

Ncha hizo zinaliwa. Majani machanga yana uchachu wa ukwaju kwa mbali. Peke yake ni makali, mimi nachanganya kiganja kimoja na fungu la matembele, kitunguu, nyanya kidogo kwa sababu uchachu upo tayari, tui likaja mwisho. Kwenye samaki wa kukaanga mboga hii haibaki.

Kusi likianza kushika, egemeza mmea kwenye mti. Kichwa chake kinakuwa kizito. Mvua moja ya upepo mwezi wa tano inaweza kukulazia mmea wote. Funga kwa kitambaa kilicholegea, sio waya.

Wageni wasioalikwa

Kidung'ata ndiye adui mkuu hapa mjini. Utaona kama pamba nyeupe kwenye maungio ya majani, na ncha zinajikunja kama ngumi. Ukimwona tawi moja, kata hilo tawi, tia kwenye mfuko, funga, tupa na taka. Usilitupe chini ya mmea. Wakibaki wachache, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, pulizia jioni moja kwa moja juu yao, chini ya majani pia, rudia baada ya siku tano. Sabuni inawaua kwa kuwagusa tu, ukipulizia hewani umepoteza sabuni.

Angalia sisimizi. Wanapopanda na kushuka shina kwa mstari, wana mifugo huko juu, kidung'ata au vidukari, wanawalinda kwa ajili ya ule utamu wanaotoa. Majimoto wa kwenye mwembe nao wana tabia hiyohiyo, ingawa kwenye mikorosho ni walinzi wazuri dhidi ya wadudu wengine. Mimi nawavumilia mpaka wanipande mguuni.

Vidukari peke yao unaweza kuwaondoa kwa maji ya bomba yenye kasi. Mwarobaini unasaidia kwa wanaotafuna majani: viganja viwili vya majani, twanga, loweka usiku kucha kwenye lita 2, chuja, pulizia. Kangambili, wale wadudu wekundu wenye weusi wanaotembea wawili wawili wamegeuziana mgongo, hutokea vidonge vinapokomaa. Okota kwa mkono, tumbukiza kwenye maji ya sabuni.

Mara vikombe vikianza kujaa usipulizie dawa yoyote ya dukani. Unakwenda kuvichemsha na kuvinywa.

Ua sio linalovunwa

Asubuhi moja ya Mei utakuta ua la manjano hafifu, katikati jicho la rangi ya damu ya mzee. Linafunguka asubuhi, jioni limeshanyauka. Hilo sio unalovuna, ingawa sokoni tunasema "maua ya rosela". Kinachovunwa ni kikombe kilichokuwa kimelishika ua. Ua likidondoka, kikombe kinaanza kunenepa, kinafunga vidole vyake juu ya kidonge cha kijani chenye mbegu.

Kivune kati ya siku 10 na 20 baada ya ua kuanguka, kikiwa kimejaa, kinavunjika kwa sauti ukikibana. Ukichelewa kidonge kinakauka, kikombe kinakuwa kama karatasi. Vuna asubuhi, wakati huo kikonyo kinakatika kwa vidole. Jioni kinavutika kama kamba, na utachuna ganda la tawi. Pita kila siku ya pili au ya tatu, kwa sababu unavyovuna ndivyo mmea unavyoendelea kutoa. Mmea mmoja ulioridhika utakupa kilo 1 na ushee ya vikombe vibichi katika msimu.

Kutoa vidonge ndiyo kazi yenyewe. Kisu kinapasua kikombe na kukuchosha. Mimi natumia kasha tupu la kalamu nene, limechemshwa, mdomo wake umenolewa kwenye sakafu ya saruji. Shika kikombe vidole vikiangalia juu, ingiza kasha kwenye kitako palipokuwa na kikonyo, zungusha nusu duara, sukuma. Kidonge kinaruka kutokea juu na kikombe kinabaki kizima kama taa ndogo. Kidonge kina vinyweleo vidogo vinavyochoma, kwa hiyo usijisugue macho. Vidole vitakuwa vya zambarau siku mbili. Ndimu inasaidia kidogo. Weka redio, ita watoto. Na vidonge usitupe, nitavirudia.

Kukausha

Osha haraka, usiloweke. Tandaza safu moja kwenye ungo au kwenye kipande cha chandarua kilichokazwa juu ya fremu, hewa ipite chini. Kivulini penye upepo, sio juani moja kwa moja. Jua linafifisha rangi. Geuza kila siku. Jua likikaribia kuzama ingiza ndani, kwani umande wa usiku wa Dar unarudisha ulichokausha mchana. Siku tano mpaka saba, kikivunjika badala ya kupinda, kiko tayari. Tia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza. Angalia tena baada ya siku mbili. Ukiona mvuke ndani ya kioo, toa vyote, rudisha kwenye ungo.

Usivunjike moyo kuona ungo mzima umeingia kwenye chupa moja. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu.

Sufuria ipi

Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Uchachu wa rosela unakula alumini: ladha inakuwa ya chuma, rangi inapooza, na sufuria inang'aa pale ilipoliwa. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli isiyobanduka, au chungu. Wala usiache juisi ilale kwenye sufuria ya alumini.

Juisi haina siri. Kiganja kikubwa cha rosela kavu kwenye lita 2 za maji, tangawizi iliyopondwa, hiliki nne, chemsha dakika 10, funika ipoe, chuja, sukari upendavyo. Kipande cha ndimu mwishoni kinaifanya nyekundu zaidi. Ukitaka kuwachekesha watoto, chota juisi kidogo pembeni, tia chembe ya magadi: inageuka zambarau, ukiongeza inakwenda kwenye ukijani. Hiyo mwageni.

Wanaosema rosela inaongeza damu wamedanganywa na rangi. Kinachojulikana ni kwamba inaweza kushusha shinikizo la damu kidogo, kwa hiyo aliye kwenye dawa za presha asiifanye kinywaji cha kila siku bila kuongea na daktari wake. Mjamzito vilevile.

Sasa jemu ya wifi. Vikombe vibichi nusu kilo, vidonge vyake pembeni. Weka vidonge kwenye sufuria, maji yavifunike tu, chemsha nusu saa mpaka vilainike na maji yawe na utelezi kama wa bamia. Utelezi huo ndio unaogandisha jemu, hauhitaji unga wowote wa dukani. Chuja, tupa vidonge, tumia maji hayo kupikia vikombe dakika 15 mpaka 20 vilegee. Pima kwa kikombe cha chai: kila kikombe cha uji huo, kikombe kimoja cha sukari. Rudisha kwenye moto mkubwa, koroga usiondoke. Kabla hujaanza uwe umeweka kisahani kwenye friji. Dondoshea tone juu yake, subiri kidogo, sukuma kwa kidole. Likikunjamana kama ngozi ya maziwa, ipua. Jaza kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10, zikiwa bado za moto, kaza.

Wifi alionja kwa kijiko, akanyamaza, akapaka mkate, akasema ni ya rubabi kasoro baridi tu.

Mbegu za mwakani na kufunga msimu

Julai chagua mmea mmoja, ule uliozaa zaidi na kuugua kidogo, uache na vikombe kumi usivivune. Vidonge vitakauka, viwe kahawia, na ncha zianze kupasuka. Vichukue hapo, ukingoja wiki moja zaidi mbegu zitakuwa chini na mchwa watakuwa wamekutangulia. Kausha kivulini siku tatu, changanya na majivu makavu kidogo, tia kwenye chupa, andika mwaka. Rosela mara nyingi hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu zitafuata mama.

Agosti mimea imechoka. Ing'oe na mizizi, ukung'ute udongo, uangalie. Mizizi myembamba iliyonyooka, hapo ni salama. Ukiona vifundo kama shanga zilizotungwa ovyo, hao ni minyoofundo: choma mizizi hiyo, usiitie kwenye mboji, na pale mahali bamia, nyanya na bilinganya zipumzike msimu mmoja mzima. Pigapiga ganda la mashina makubwa kwa nyundo ya mbao, nyuzi zake zinatoka ndefu na imara. Yangu ndiyo iliyofunga kamba ya kuanikia nguo upande wa tangi.